Mkia wa Kombo

Mapenzi ya chumba cha panya ni mapenzi ya macho, na usicheke, maana ndivyo yalivyoanza. Ukiingia mle unavaa joho la karatasi, glavu, kofia, na barakoa inayopanda hadi juu ya pua. Kinachobaki nje ni macho. Kitinda alimpenda Taratibu kwa macho muda mrefu kabla hajajua kwamba chini ya ile barakoa kuna mwanya. Siku alipouona huo mwanya, pale mlangoni wakati wote wawili wanavua majoho, alicheka peke yake njia nzima hadi nyumbani, akajisemea moyoni, mimi basi, nimekwisha.

Kitinda alikuwa daktari wa wanyama wa maabara ile, mwenye kauli ya mwisho juu ya afya ya kila panya. Kitinda lilikuwa jina la nyumbani, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yake, na kazini hakuna aliyeruhusiwa kulitumia isipokuwa mtu mmoja. Huyo mtu mmoja alikuwa mtafiti wa dawa, na wenzake walimpachika jina la Taratibu kwa sababu ya wimbo wake wa kila asubuhi: "Taratibu jamani, hawa si mawe."

Kweli hawakuwa mawe. Walikuwa panya wasio na manyoya, ngozi laini kama ya kichanga, waliozaliwa bila kinga mwilini. Ukipandikiza chini ya ngozi yao kipande cha uvimbe wa mwanadamu, mwili wao haujui kukikataa, nacho hukua vilevile kinavyokua kwa mwenyewe. Halafu panya anapewa dawa mpya ambayo bado hajapewa mtu, na watafiti wanapima. Uvimbe unanywea au unakua? Kila mgonjwa aliyekubali kutoa kipande chake alikuwa na kizimba chake, na mbele ya kizimba kadi ya rangi yake. Kadi ya buluu ilikuwa ya mzee mmoja fundi saa. Ya manjano ilikuwa ya mama yake Kitinda.

Mama alikuwa fundi cherehani, na saratani ilimwota kwenye paja la kulia, mguu uleule wa kukanyagia. Daktari wa upasuaji alisema ukatwe mapema kabla ugonjwa haujapanda mapafuni. Mama akamtazama kama mteja aliyeleta kitambaa kibovu. "Mguu huu umesomesha watoto wanne," alisema, "leo niutupe kama kandambili?" Hata hivyo alikuwa ameshaanza kulegea, ameshapangiwa na tarehe, ndipo Taratibu aliposema kuna dawa inayojaribiwa, tujaribu na kipande cha mama.

Sasa chumba kile kina kanuni yake: mwenye damu yake hagusi. Ukiwa na ndugu kwenye kadi, humpimi panya wake wala humshiki, maana mkono wa mtoto huvuta kipimo upande wa matumaini. Siku ya kupandikiza Kitinda aliruhusiwa kufunika kizimba tu, na hata hicho kifuniko kikamshinda. Kilimponyoka, akambana panya mmoja mkia, ncha ikapinda na haikunyooka tena. Alimwomba radhi kama anavyoombwa mtu mzima, akampa jina la Kombo.

Tangu siku hiyo alikuwa wa kutazama tu. Kila asubuhi alisimama pembeni, Taratibu akichomoa panya mmoja kutoka kizimba cha kadi ya manjano, kamshika mkia wote ndani ya kiganja, akimwinua kwenye taa. Na Kitinda aliona kwa macho yake mwenyewe. Uvimbe uliokuwa kama harage ukawa kama dengu, dengu nayo ikaanza kupotea.

"Unanywea," Taratibu alikuwa akisema, na macho yake juu ya barakoa yakatabasamu.

"Na Kombo wangu je? Simwoni."

"Kajichimbia kwenye karatasi zake. Ana aibu huyo, kama aliyempa jina."

Wakacheka. Masikini, walicheka sana pale mbele ya vizimba.

Basi siku ya mambo haya daktari mwenzake Kitinda, aliyekuwa akishughulikia kizimba cha buluu, alikuwa kitandani na homa. Taratibu alikuwa mkutanoni ghorofa ya juu. Mhudumu anayesafisha vizimba alimfuata Kitinda ofisini kwake.

"Daktari, kwenye kizimba cha buluu kuna mmoja hali yake mbaya. Anajivuta tu, hatembei."

"Naja."

Hakuwa na wasiwasi wowote. Alijua kwamba dawa moja huwafaa wengine na wengine isiwafae, ndiyo maana ya kujaribu, na alimsikitikia yule fundi saa asiyemjua. Panya akifikia mahali uvimbe unamzuia kutembea, hulazwa usingizi asioamka, na leo kazi hiyo ilikuwa yake. Akafungua kizimba cha buluu, akapeleka mkono ndani. Vidole vilijua kabla ya macho. Ncha ya mkia ilikuwa imepinda.

Akamleta kwenye taa. Alikuwa Kombo, na ubavuni amebeba uvimbe mkubwa kama tende, ngozi imevutika mpaka inang'aa. Kitinda alimshika hivyo kwa muda asioujua. Kisha akamrudisha, akawatazama wenzake mmoja mmoja, na wote walikuwa na uvimbe, wengine mkubwa kuliko wa Kombo. Akafungua kile cha manjano, akafukua karatasi zote. Mle ndani walikuwemo panya wazima, wachangamfu, mikia yao imenyooka.

Mlango ukafunguka. Taratibu aliingia akifunga kamba za joho lake, macho yanacheka, na macho hayo yalipoona vizimba viwili viko wazi mezani yakaacha kucheka.

"Kitinda, mbona umegusa? Kanuni..."

"Nimegusa kizimba cha fundi saa," alisema Kitinda. "Niambie, Taratibu. Kombo ametoka lini kwa mama yangu akahamia kwa fundi saa?"

Mwanamume mwenye majibu ya kila swali la maprofesa, leo alisimama pale akishikilia kamba za joho kama mtoto asiyejua kufunga fundo.

"Nani amebadilisha kadi?"

"Mimi."

Alilisema kwa sauti ndogo, lakini alilisema. Kitinda alikuwa ameshaanza kumtungia kisingizio kichwani, kwamba mhudumu alichanganya wakati wa kusafisha, kwamba ni bahati mbaya. Neno lile moja likamnyang'anya hata kisingizio.

"Nisikilize," Taratibu alianza. "Kwenye kompyuta kila kitu kiko sawasawa. Vipimo vyote ni vya kweli, sijamdanganya mkubwa yeyote wa kazi hii. Wa mama wameandikwa kwamba dawa imeshindwa, na wa mzee wameandikwa kwamba imefaa. Nilibadilisha kadi tu."

"Kadi tu."

"Kadi tu, Kitinda. Kwa ajili yako. Unakumbuka ile wiki ya kwanza? Ulikuwa unalia kule stoo, unadhani hatukusikii. Huli, hulali. Nikapima wa mama nikaona uvimbe unakua kama haujapewa kitu. Nikasema siwezi kumpelekea habari hii. Nimpe wiki moja apumue, pengine dawa inachelewa, pengine watageuka."

"Na hawakugeuka."

"Hawakugeuka."

"Ukaendelea kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kila asubuhi, mimi nimesimama hapa, wewe unaniinulia panya wa watu. Umeficha mkia kwenye kiganja. Nakuuliza Kombo yuko wapi, unaniambia ana aibu." Akaigonga kadi ya manjano kwa kidole. "Nami nilicheka, Taratibu. Ulinifanya nicheke."

"Nilikuomba usimwambie mama. Nilikuomba, hilo huwezi kukataa. Nilidhani furaha ile itakuwa yako peke yako."

"Furaha ya mtoto mama yake asiione? Umezaliwa na nani wewe?"

Neno lilimtoka kabla hajalipima, na aliona lilivyomwingia. Taratibu alikuwa amelelewa nyumba hii mwaka huu na nyumba ile mwaka ujao, mtoto wa kupokezanwa, na Kitinda alikuwa akilijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndiyo sababu shangazi yake Kitinda alimkataa tangu siku ya kwanza ya posa. "Hana kwao," alisema shangazi, "na anashinda na panya. Tukigombana naye tutamshtaki kwa nani, kwa paka?" Kisha ikaja habari kwamba dawa inafanya kazi. Shangazi huyohuyo akawa anampangusia kiti cha karibu na dirisha kwa upindo wa kanga yake.

Lakini Kitinda hakuomba radhi. Alikuwa ameshaona jambo jingine, baya kuliko kadi.

"Ile Jumapili," alisema polepole. "Ulikuwa umekaa kwenye kile kiti. Umeshika kikombe. Mama akasema mbele ya watu wote, nimempigia daktari wa upasuaji, nimemwambia sikatwi tena, dawa ya mkwe wangu inaniponya. Wewe ulikuwa unajua."

Taratibu aliinamisha kichwa.

"Ulikuwa unajua, na ulikaa kimya."

"Nilifungua mdomo," alisema. "Wallahi nilifungua mdomo niseme. Shangazi akanishika bega akasema, mwanangu, ongeza chai. Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo, Kitinda. Nikasema nitazungumza kesho. Kesho ikawa kesho tena."

Na hapo ndipo uchungu ulipo, msomaji wangu, maana Kitinda alimwelewa. Angekuwa hamwelewi ingekuwa rahisi. Aliyatazama macho yale yaliyojaa maji juu ya barakoa, macho aliyoyapenda kabla ya kitu kingine chochote, na alitaka kumshika mkono, na alitaka kumpiga. Alimpenda vilevile kama jana. Hilo ndilo lililomtia hasira zaidi.

Kombo akajivuta kwenye karatasi, akashindwa kufika kwenye maji.

"Acha nimlaze mimi," Taratibu alisema, akinyoosha mkono. "Kanuni inakukataza."

"Usimguse."

Alimlaza mwenyewe, taratibu, kama alivyostahili. Alipomaliza alivua glavu, akachomoa kadi zote mbili, akairudisha ya manjano mahali pake na ya buluu mahali pake. Wakatoka wote hadi kwenye kile chumba kidogo cha kuvulia. Taratibu aliteremsha barakoa, na Kitinda akaona kwamba mdomo wake ulikuwa ukitetemeka muda wote ule.

"Niambie nifanye nini," alisema. "Lolote."

"Jioni uje nyumbani. Ukae kwenye kile kiti chako, umwambie mama kwa mdomo wako. Asisikie kwangu. Wewe ndiye uliyempa, wewe ndiye umpokonye."

"Na nikija?"

Kitinda alifunga vifungo vya koti lake kabla ya kumjibu. "Ukija, tutajua mimi na wewe tuna nini cha kuzungumza."

"Nitakuja. Nakuapia, nitakuja."

Nyumbani alimkuta mama kwenye cherehani, na mguu wa kulia unakanyaga. Alikuwa anashona gauni la harusi la mwanawe. Hakukubali fundi mwingine aliguse, wala hakukubali mashine ya umeme, kwa madai kwamba umeme hauna mapenzi. Kila akipumzika alilisugua paja lake kidogo, na Kitinda akaona leo kile alichokataa kukiona wiki zote: sketi ilikuwa imejaa upande mmoja.

"Mama, mguu unauma?"

"Unauma, ndiyo. Mkwe kasema uvimbe ukifa lazima uumize."

"Amesema hivyo lini?"

"Juzi, kwenye simu. Mbona umenikodolea macho?"

Shangazi alitoka jikoni na sinia la vikombe. "Mwanangu Taratibu anakuja? Kanipigia mchana, sauti kama ya mtu mwenye mafua. Nimempikia. Nyie mnamshindisha na panya, hamumlishi." Akakivuta kile kiti karibu na dirisha, akakipangusa.

Kitinda alikaa chini, miguuni pa mama, akamshikia kitambaa kisiburuzike sakafuni. Alikuwa akisikiliza hatua za watu barabarani. Alizijua hatua za Taratibu, zilikuwa nzito kidogo upande wa kushoto. Watu walipita, watoto wakaitwa ndani, taa za madukani zikawashwa. Moyo wake ulikuwa umeshamwandalia mtu yule mahali. Alijisemea, akiingia tu mlangoni, akisema hata nusu yake, mimi nitamalizia nusu nyingine, na siku moja nitamsamehe.

"Huyu mtu vipi?" shangazi aliuliza. "Chakula kinapoa."

Simu ilitetemeka mfukoni. Kitinda akasoma bila kuitoa yote. "Nimefika hadi kona ya nyumba yenu. Nimewaona dirishani. Nimeshindwa. Nisamehe, mpenzi."

Aliinuka, akasogea dirishani, akatazama kwenye kona. Alikuwapo mwanamke anakunja turubai la biashara yake, na mtu wa baiskeli akimngojea mwenzake. Alisimama pale mpaka turubai likakunjwa lote. Kisha akarudi.

"Mama, simamisha cherehani."

"Nina kipande kidogo tu..."

"Simamisha, mama."

Akamwambia yote. Hakuruka kitu, hata kile kicheko cha kila asubuhi, hata Kombo. Mama alisikiliza mkono ukiwa juu ya gurudumu la cherehani, haugeuzi. Aliyeanza kusema alikuwa shangazi.

"Nilisema mimi. Nilisema tangu mwanzo, hana kwao yule."

"Ulisema, wifi," mama akajibu. "Kisha ukampa kiti. Sote tulimpa kiti." Akamgeukia mwanawe. "Katika hao panya wangu, hakuna hata mmoja anayepona?"

"Hakuna, mama."

"Na wa yule mzee fundi saa?"

"Wa kwake wanapona."

"Kumbe furaha niliyokuwa naila ni ya mwenzangu." Akalipapasa paja lake. "Basi na apone yeye. Sina kinyongo naye." Halafu akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Anakupenda huyo kijana?"

"Ananipenda."

"Nami naona hivyo. Lakini sikiliza, Kitinda. Ukiolewa na yule, siku ukiugua wewe, utakuwa mtu wa mwisho kujua."

Kitinda aliificha sura yake kwenye kile kitambaa cheupe na kulia, na mama akamwacha alie, akimpapasa kichwa bila haraka. Alipotulia, mama alisema, "Haya. Mpigie yule daktari wa upasuaji. Mwambie yule mama mkaidi amekubali."

Akapiga simu hapohapo. Daktari alisikiliza, akauliza uvimbe umekua kiasi gani, akavuta pumzi. Alisema mama aletwe asubuhi bila kula kitu. Alisema atapiga picha ya mapafu kwanza, maana wamechelewa sana, na kwamba haahidi kitu, si mguu wala kingine. Kisha akakata simu.

"Amesemaje?" mama aliuliza.

Na Kitinda akafungua mdomo. Maneno mazuri yalikuwa yamesimama tayari ulimini, yametandikwa kama kitanda: amesema hakuna shida, amesema utapona. Uso wa mama ulikuwa umeinuliwa kumtazama, umechoka, unangoja. Hapo akajua jinsi ilivyo rahisi. Akajua mtu huanzaje.

"Amesema tumechelewa," alisema. "Atatazama mapafu kwanza. Amesema haahidi kitu."

Shangazi alijishika mdomo. Mama aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyerudishiwa chenji yake sawasawa.

"Sasa hilo ndilo neno," alisema, akasogeza kiti karibu na cherehani. "Nishikie huku nimalize pindo."

"La nini tena, mama? Harusi yenyewe..."

"Gauni halijamdanganya mtu hili. Litangoja." Akauweka mguu wa kulia juu ya kikanyagio, akaukaza huku akiuma meno. "Shika vizuri. Mpaka asubuhi mguu huu bado ni wangu."